Mkebe Tuliompelekea Mwongeli

Mwongeli aliolewa Kyuso akitokea Kibwezi, na kwa miaka ishirini hakuacha kututania kuhusu maji. "Kwetu maji hutembea mchana kweupe kama watu wenye heshima," alikuwa akisema. "Ya kwenu yamejificha mchangani kama mwizi wa kuku." Tulicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Mto wetu wa Kathungu hupita siku nne au tano kwa mwaka, mwekundu na wenye hasira, kisha unabaki mchanga mtupu. Ukitaka maji unachimba. Ukifika kifuani na hujaona unyevu, unatoka na kwenda kuchimba kwingine.

Mimi ni Nzisa, mama Ndeti. Tuliolewa mwaka mmoja, mimi na yeye, katika maboma mawili yanayotazamana ng'ambo ya huo mto. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira, na sehemu kubwa ya hasira yangu katika habari hii inanihusu mwenyewe. Anayetaka kusikia hadithi ya mwanamke aliyepotea kwa sababu alikuwa mbaya, aende kwa majirani zangu. Wanayo, na wanaisimulia vizuri.

Mume wa Mwongeli alikufa mapema. Alimwachia binti mmoja, Mutanu, na ekari tatu zenye mawe mengi kuliko udongo. Ndugu zake walikuja kutoka Kibwezi kumchukua, akawapikia, wakala wakashiba, akawaambia waende salama. Alibaki kwa sababu ya mwethya.

Huku kwetu mtu haachiwi kazi kubwa peke yake. Watu hukusanyika, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakachimba matuta, wakavuna, wakajenga. Huo ndio mwethya, na sheria yake ni moja: usipoenda kwa wenzako, wenzako hawaji kwako. Kikundi chetu kinaitwa Kyeni. Tulikuwa wanawake ishirini na wanne na wanaume watatu, na aliyetuanzishia nyimbo ni Mwongeli. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikwaruza kama mlango wa mabati. Lakini alijua kuupanga wimbo na jiwe pamoja, hata ukimaliza kuitikia unakuta jiwe limeshafika. Mjane mwenye shamba la mawe angefanya nini bila watu kama sisi? Alilijua hilo, nasi tulijua kwamba analijua.

Mwaka ule wa ukame mkubwa, elfu mbili ishirini na mbili, shirika moja lilituletea saruji tujenge bwawa la mchanga. Unajenga ukuta wa mawe kukata mto, mvua ikija mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa humo ndani ya mchanga miezi mingi baada ya mto kukauka. Saruji ilikuwa yao. Mawe, mchanga na migongo ilikuwa yetu. Tulianza Julai na ilibidi ukuta usimame kabla ya mvua ya Novemba, la sivyo mafuriko yangeubeba pamoja na jasho letu.

Mwongeli alianguka mwezi wa Agosti. Alikuwa amebeba jiwe mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, vile tunavyobeba kila kitu, akitembea juu ya ubao uliovuka mtaro wa msingi. Ubao ukageuka. Alitangulia kuanguka, jiwe likamfuata, likampata kiunoni. Tulimtoa akiwa anacheka, akisema mto wetu umechoka na matani yake. Kisha akajaribu kusimama, na miguu ikakataa.

Hospitalini walimpiga picha, wakaona mfupa wa mgongo umepasuka. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alimpa vidonge vya siku kumi, vile vya kijani na njano vinavyoitwa tramadol, akamwambia jambo lililo kubwa kuliko vidonge: apumzike miezi mitatu. Asiiname, asibebe kitu, alale.

"Miezi mitatu!" mimi nikasema, mbele ya daktari, mbele ya mgonjwa. "Kwetu hata aliyejifungua pacha hapewi miezi mitatu."

Mwongeli alicheka hadi machozi yakamtoka kwa uchungu wa kucheka. Ninaukumbuka sana mzaha huo. Laiti ningeumeza.

Siku kumi zikaisha na vidonge vikaisha. Nilimkuta amelala kwa ubavu, ametota jasho, ameuma kona ya kanga. Hakuomba kitu. Mwongeli alikuwa na uwezo wa kuomba mvua kanisani kwa saa nzima, lakini kumwomba mtu chumvi hakuweza. Basi nikafanya vile tunavyomfanyia mtu aliyeishiwa na unga. Nilichukua mkebe wa majani chai, nikauosha, nikaukausha juani, nikazunguka nao nyumba kwa nyumba.

Hakuna nyumba isiyokuwa na vidonge vilivyobaki. Kavindu, mwenyekiti wetu, alitia vya jino lake. Mwingine alitia vya upasuaji wa uzazi. Mzee Musyimi, aliyekuwa amemzika mkewe mwezi uliotangulia, aliingia ndani akakaa, akatoka na mfuko mzima wa hospitali haujafunguliwa, akautia mkebeni kwa mikono miwili. Mimi nilitia vya mume wangu Kyule, vya ngiri. Vyeupe, vya njano, vya kijani, vyote pamoja. Je, hatukujua kusoma maandishi yaliyokuwa juu ya karatasi zake? Tulijua. Mimi nilifika kidato cha pili. Hatukusoma tu.

Mwongeli alipouona ule mkebe alilia. "Mama Ndeti," akaniambia, "nyinyi watu mnanipenda hivi?"

Tulimpenda. Nataka lieleweke, kwa sababu watu wanapozungumza juu ya mambo haya hudhani lazima kulikuwa na mtu mbaya gizani. Tulimpenda, tukamlimia, tukamtekea maji. Ila sisi hatujui kumsaidia mtu apumzike. Tunachojua ni kumsaidia mtu arudi kazini.

Wiki ya tano alirudi. Alitokea kwenye mteremko asubuhi, mwembamba kidogo, akatuambia kazi yetu ni mbovu na ukuta umepinda kama mguu wa mbuzi mzee. Kisha akaanzisha wimbo. Tulipiga vigelegele. Alibeba mawe na sisi siku ile, na siku iliyofuata, hadi ukuta ukasimama mwezi wa Oktoba. Alikuwa akimeza viwili kabla ya kazi na viwili baada ya kazi, na mimi nilikuwa nikimshikia maji.

Jumapili moja, mvua ikiwa imeshakuja na mchanga umejaa nyuma ya ukuta wetu, mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda. Mwongeli alisimama. "Bwana asifiwe," akasema. "Daktari alisema miezi mitatu. Lakini mgongo huu Yesu ameushika kwa mkono wake." Kanisa lililipuka. Watu waliruka, wakaimba, mchungaji akashuka madhabahuni akacheza naye. Nilijua mkebe uko wapi nyumbani kwake na umebaki na vingapi. Nami nilipiga makofi.

Baada ya ushuhuda ule, angeanzaje kusema bado anameza? Kanisani kwetu mlevi anajulikana. Pombe ina harufu na ina jina. Wazee wanamkalisha mlevi chini, anatengwa, anaombewa, anarudi, na siku ya kurudi anapikiwa wali. Kidonge hakina harufu wala hakina kikao cha wazee. Tena kimetoka hospitalini, nani atakikemea? Mwongeli hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Alikuwa na haki kabisa ya kujiona hana tatizo, na mimi nilikuwa nayo pia.

Mkebe ulipoisha, mimi ndiye niliyeenda dukani, maana yeye alikuwa ameponywa na angeonekana.

Duka la dawa sokoni Kyuso ni la Bishar. Wazee wake walitoka upande wa Garissa na ng'ombe, yeye amezaliwa hapa, na Kikamba chake kinawashinda watoto wangu. Aliniuzia mara mbili. Mara ya tatu aliweka mikono juu ya meza.

"Mama Ndeti, hii ni ya nani?"

"Ni yangu. Mgongo."

"Last week ilikuwa ya mzee. Ile ingine ulisema ni ya jirani."

"Kwani umekuwa polisi? Wewe kazi yako ni kuuza dawa. Uza dawa."

"Hii siuzi bila karatasi ya daktari. Na hata ile nilikuuzia mwanzo nilifanya makosa, mimi nakubali." Aliinama, akapunguza sauti ili mteja mwingine asisikie. "Mama, nisikize. Huyo mtu, pengine mgongo ilipona kitambo. Saa hii chenye kinamuuma ni dawa ikiisha kwa mwili. Anatoka jasho, anapiga miayo, tumbo inamkata, mifupa yote inauma, yeye anafikiri ni mgongo imerudi. Akimeza inaisha. Kwa hivyo anameza. Si ati ni mtu mbaya. Ni mwili ndio imezoea. Na ikizidi sana mtu anaanguka, anatetemeka kama mwenye kifafa. Mlete hapa tuongee, ama mpeleke hospitali wampunguzie pole pole. Iko njia."

Hayo ndiyo maelezo yote ambayo ningehitaji, na niliyapata bure, kwa lugha ninayoielewa. Nilimjibu nini? Nilimwambia anajifanya daktari kwa sababu ya koti jeupe. Kisha nikasema neno kuhusu watu wa kwao, neno ambalo sitaliandika hapa. Akamwuliza mteja mwingine anataka nini.

Siku ya soko la mifugo wako watu wanaouza vidonge kutoka mfukoni. Nilinunua kwao mara mbili, halafu Mwongeli akajifunza kuwapata mwenyewe. Kila mara aliniambia, "Ni hivi viwili tu, Mama Ndeti, nimalize kupalilia ndengu." Ndengu zikipaliliwa, kuna kuvuna. Zikivunwa, kuna kupura, kuna matuta ya Kavindu, kuna harusi ya mtoto wa fulani. Kulikuwa na kitu cha kumaliza kila wakati, na katika nchi kavu kama yetu ni kweli, kazi haijawahi kuisha hata siku moja.

Mutanu alinijia siku moja anarudi shuleni. Alikuwa na miaka kumi na saba. "Mama, huyu mamangu amebadilika," akasema. "Analala akiwa ameketi. Nikimwuliza kitu ananikasirikia, halafu analia, halafu anasahau." Nilimkaripia. Nilimwambia mama yake amechoka kwa ajili yake, asome avuke. Msichana akaondoka na mkoba wake.

Halafu Kyule wangu akaugua. Umio, wakasema, saratani, na imechelewa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, fundi wa baiskeli, na ugonjwa ukaanza na koo lake kama kwamba ulijua mahali pa kumpiga. Hospitali ilitupa chupa ya mofini ya maji, wakanionyesha kijiko na kunieleza saa za kumpa. Muuguzi aliniambia, "Ni chungu sana, mpe na chai." Kwa wiki tatu dawa ile ilikuwa rehema. Kyule alilala, aliamka, alicheka kidogo na wajukuu.

Mwongeli alikuja kila siku mchana akae naye, mimi niende mtoni na kwa mbuzi. Hakuna aliyejua kumgeuza mgonjwa kama yeye. Alimpangusa midomo, alimwimbia polepole nyimbo za mawe. Nilirudi nikawakuta hivyo, nikamshukuru Mungu kwa rafiki.

Wiki ya nne Kyule alianza kulia. Mtu mzima, analia kama mtoto aliyeungua. Nilimpa kijiko, nikampa kingine kabla ya saa yake, haikusaidia. Nilidhani ugonjwa umepanda. Nilipiga magoti nikaomba, nikafunga, nikaomba tena. Siku ya nane nilimimina kijiko kwa haraka, dawa ikanimwagikia vidoleni. Nikalamba bila kufikiri. Nikangoja ule uchungu. Haukuja. Yalikuwa maji yaliyopita karibu na dawa.

"Kyule," nikamwambia, "nani amegusa hii chupa?"

Alifumba macho. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. "Nilimwona siku ya kwanza. Alikuwa analia akimimina. Akaweka maji. Akaniangalia, nikamwangalia."

"Na wewe ukanyamaza? Siku nane?"

"Mimi najua vile inauma," akasema. Alipumzika. "Usimfungie mlango, Nzisa."

Sijui nilifikaje sokoni. Bishar aliniona mlangoni, akanisikiliza maneno matatu, akafunga duka lake mchana ule ule wa soko na kunipeleka hospitalini kwa gari lake. Tulirudi na chupa mpya. Njia nzima hakutaja neno nililomwambia. Kyule alipata siku nne za utulivu, akafa Jumapili watu wakiwa kanisani. Siku nne. Siku nane alikuwa ameuguzwa kwa maji ya Kathungu, maji ya bwawa letu wenyewe, na aliyeyatia ni mtu niliyekuwa nikimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nilimfungia mlango. Siku ya mazishi wanawake wa Kyeni walikuwa wakileta maji ya kupikia, na Mwongeli akaja katika mstari wao na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji, hatazami mtu. Niliinuka kwenye mkeka wa wafiwa. Nilimfuata, nikaupokea ule mtungi, nikaumwaga chini mbele ya watu wote. Huku kwetu mtu hamwagi maji. Hata ya kunawia yanapelekwa kwenye mche wa mpapai. Hata wasiojua walijua kwamba kuna jambo. Kabla ya jua kutua nilikuwa nimewaambia lote. Mwongeli aliikunja kamba yake taratibu, akaishika mkononi, akavuka mto kwenda kwake.

Siku kumi na moja baadaye Mutanu alivuka akikimbia, bila viatu. Tulimkuta mama yake sakafuni, meno yameumana, mwili unarukaruka, povu kinywani. Alikuwa amejaribu kuacha mwenyewe, siku sita. Siku ya saba alishindwa na akameza vyote alivyokuwa navyo kwa mara moja. Kaloki, kijana wa pikipiki wa pale kwetu, alileta pikapu ya jirani tukampakia. Niliingia nyuma pamoja naye. Nilikuwa bado namchukia. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu njia nzima hadi hospitali ya Mwingi, na nilikishika kisigonge bati.

Daktari aliuliza, "Anatumia nini huyu mama, na tangu lini?"

Mutanu alinigeukia.

"Tramadol," nikasema. "Miaka miwili."

"Alikuwa anatoa wapi?"

Ningeweza kusema sokoni. Ilikuwa nusu ya kweli. "Kwangu," nikasema. "Kwetu. Tulimchangia."

Yule daktari alidhani sijaelewa swali.

Alipona mwili, wakampeleka katika kituo kimoja karibu na Wote, huko Makueni, ambako watu kama yeye wanasaidiwa kuacha. Muda wake, walituambia, ni miezi mitatu. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikashika ukuta. Ni ile ile miezi mitatu ya yule kijana mwenye miwani. Ilikuwa imetungoja pale muda wote huo.

Oktoba ikafika. Shamba la Mwongeli lilikuwa limejaa magugu, matuta mawili yamebomoka, na mvua haikuwa mbali. Mutanu alikuwa amemaliza shule mwaka uliotangulia na yuko nyumbani peke yake. Bila ndengu za msimu ule, mama akirudi angerudi kwenye nini? Kyeni ilipokutana nilisimama nikaomba siku mbili za mwethya kwa Mwongeli.

Kavindu aliniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. "Mama Ndeti, si ni wewe ulimwaga maji?"

"Ni mimi."

"Mtu ameibia mgonjwa dawa ya kufa. Mzee wako! Sasa unataka tumlimie? Na huu mwaka mzima hajakuja kwa mtu. Sheria ni sheria, mwaitu."

"Kavindu, ule mkebe nilizunguka nao mimi. Wewe ulitia vya jino. Mama Kasyoka alitia, Musyimi alitia. Kuna mtu hapa hakutia?"

"Sisi tulisaidia," Kavindu akasema, na nikaona kwa macho yake kwamba anaamini hivyo, kama nilivyoamini mimi. "Kusaidia imekuwa makosa?"

Tukazungumza juu ya mbegu, tukafunga kwa maombi.

Jumatatu asubuhi nilienda na jembe. Alikuja Mutanu peke yake. Tulilima Jumatatu, tukalima Jumanne, wawili tu kwenye ekari tatu, mimi mwenye miaka hamsini na moja na yeye mwenye mikono ya kalamu. Tulisikia Kyeni wakiimba ng'ambo kwa Kavindu, wimbo ukianza juu mno na kukatika, ukianza na kukatika. Mawe ya Mwongeli yanatoka ardhini kila mwaka kana kwamba yanazaana. Tuliyabeba kwenda kwenye matuta, mgongoni, kamba kwenye paji.

Jumatano sikuamka. Yaani niliamka, lakini mgongo haukuamka nami. Nilijivuta hadi kitini, na nilipokaa jasho lilinitoka katika ubaridi ule wa asubuhi ya mawingu. Mawingu! Yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa vilima vya Mumoni. Mutanu alikuwa ameshafika shambani, nilimsikia akigonga jembe lake peke yake.

Chupa ya Kyule ilikuwa kabatini. Waliniambia hospitalini nirudishe kilichobaki, sikurudisha. Nilijiambia sababu ni huzuni. Niliichukua, nikaifungua, nikainusa. Kijiko kimoja tu, nikawaza, nimalize shamba la rafiki yangu kabla ya mvua. Niliyasikia maneno hayo kichwani kwa sauti yangu mwenyewe, yale yale niliyokuwa nimeyasikia miaka miwili kwa sauti ya mtu mwingine nikayaona ni visingizio. Havikuwa visingizio. Mawingu yalikuwepo kweli. Shamba lilikuwepo, mgongo ulikuwa unauma, na dawa ilikuwa mkononi. Hakukuwa na kitu kingine chochote chumbani.

Kituo kinaruhusu simu Jumatano. Mutanu alikuwa akipiga, mimi sikuwahi. Nilipiga. Walimwita Mwongeli, nikasikia malapa yake yakija kwenye sakafu.

"Mutanu?"

"Ni Nzisa."

"Mama Ndeti," akasema. "Kuhusu mzee. Mimi..."

"Hiyo tutaongea. Si leo. Leo siwezi. Tunalima kwako, mimi na Mutanu. Wale wengine hawajakuja."

"Sikukuomba."

"Najua. Mwongeli, mgongo wangu unauma. Siwezi kusimama. Na chupa ya Kyule iko hapa mkononi, nimeifungua."

Nyuma yake kulikuwa na watu wanaosha vyombo.

"Funga."

Nikafunga.

"Weka mbali. Mwite Mutanu aipeleke kwa Bishar, leo leo. Sasa wewe lala."

"Mvua inakuja na hatujafika hata nusu. Nikilala leo..."

"Wacha ije. Wacha ndengu zipotee. Lala, Mama Ndeti." Sauti yake mbovu ilikatika, ikarudi. "Daktari ndiye peke yake aliniambia nilale. Nyinyi niliwangoja. Nililala pale kwa kitanda nikangoja mtu mmoja wenu, hata mmoja, aniambie, Mwongeli, hiyo bwawa tutajenga, wewe lala. Ningelala. Haki ya Mungu ningelala. Mkaniletea mkebe."

Niliweka simu juu ya meza. Nikamwita Mutanu kwa sauti kubwa kutoka mlangoni, hadi akasikia akaacha jembe. Kisha nikalala, asubuhi, siku ya kazi, mlango ukiwa wazi, na kila aliyepita njiani kwenda kwa Kavindu akaniona.